Hawakunipasua

Verbivka, Saskatchewan
Februari 10, 2019

Darka mdogo wangu,

Naandika nikiwa nimevaa koti humu humu jikoni, na si kwa sababu tanuri limezima. Yevka wangu anasema nyumba ina joto la kuoteshea nyanya. Nje ni nyuzi thelathini na sita chini ya sifuri, gari limekataa kuwaka tangu juzi, na mimi nimekataa kulibembeleza. Nyonga yako mpya inaendeleaje? Kama bado unatembelea kile kigari, usione haya. Kitumie kuwagonga wanaokusonga dukani.

Habari kubwa ni hii. Padri Myron alikuja Jumapili akatusomea barua ya askofu. Kanisa letu linafungwa. Tumebaki watu kumi na mmoja, na wawili kati yetu hawawezi tena kupanda ngazi za mlangoni. Ibada ya mwisho itakuwa Pasaka yetu, Aprili 28, halafu sanamu za watakatifu zitapelekwa Yorkton na mlango utatiwa kufuli. Hakuna aliyelia. Bi Stefurak aliuliza tu majiko ya ukumbini yatachukuliwa na nani.

Basi mwaka huu naimbisha Pasaka yangu ya arobaini na mbili, na ndiyo ya mwisho. Nataka niiimbishe sawasawa. Kwa ajili hiyo mwezi uliopita niling'olewa lile jino la nyuma lililokuwa likinichoma kila nikipandisha sauti. Daktari wa meno ni mtu mpole, alilitoa kama karoti. Sasa sauti inapanda bila kizuizi. Kilichobaki ni uchovu, kama mafua yasiyo na kamasi. Utapita.

Moyo usiuulize. Hicho kimlango cha moyo, hiyo vali unayoitaja kila barua, ina mwaka mmoja na miezi mitatu ndani yangu, na sasa napanda ghorofani bila kupumzika katikati. Ulinibembeleza nikakataa, ukanibembeleza tena nikakubali, na ulikuwa sahihi. Furahia sentensi hiyo, maana siiandiki mara ya pili.

Kaka yako,
Nestor

*

Victoria, British Columbia
Februari 19, 2019

Kaka Nestor,

Nyonga inakwenda. Daktari ananitaka nisipande ndege wala nisikae garini muda mrefu mpaka mwisho wa Aprili, nami kwa mara ya kwanza maishani natii.

Kuhusu kanisa sina la kusema lililo zuri. Nilibatizwa pale, nikazimia pale siku ya harusi yako kwa sababu ya kiatu kilichonibana. Nitaandika siku nyingine nikiwa na moyo wa kuandika.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na hiyo mara ya tatu sikuwa nasoma habari za kanisa. Nataka majibu.

Daktari wa meno alijua kwamba una vali ya kuwekwa? Alikupa antibayotiki umeze kabla hajakugusa? Una homa?

Sikuulizi kwa umbea. Mdomo wa mtu una vijidudu, na jino likitoka vinaingia kwenye damu. Kwa moyo wa kuzaliwa nao, mara nyingi vinapita tu. Lakini vali ya kuwekwa ni kama jiwe katikati ya mto: vinagota pale, vinashika, vinaanza kujenga. Polepole sana. Mtu hujiona amechoka tu. Nilikaa wodi ya wagonjwa wa moyo miaka kumi na tisa, Nestor, na ni sura ya watu wa namna hiyo inayonirudia, wale waliosema wamechoka tu.

Ile kadi uliyopewa hospitali, yenye jina la vali, ilikuwa ya kumwonyesha mtu kama huyo daktari wa meno. Ulimwonyesha?

Nijibu moja baada ya jingine. Nakufahamu, utanijibu kuhusu kabichi.

Darka

*

Verbivka
Machi 4, 2019

Darka,

Kabichi zilizo kwenye pipa zimechachuka vizuri mwaka huu, ahsante kwa kuuliza.

Haya, muuguzi mkuu, maswali yako. Ndiyo, ndiyo, hapana. Umeridhika? Kadi iko kwenye droo pamoja na leseni yangu ya kuvua samaki. Nilidhani ni ya kuonyesha uwanja wa ndege, mlio wa mashine ukilia.

Ili usiseme nakuficha, Yevka alinivuta hadi kliniki wiki mbili zilizopita. Daktari ni kijana, ana mikono ya baridi. Akanisikiliza kifua, akasema mafua yameshuka, akanipa vidonge vya siku saba. Siku ya tatu nilikuwa mtu mpya. Nilikula sahani mbili za borshchi na kumwuliza Yevka kama alikuwa ananinyima siku zote.

Tunafanya mazoezi Jumatano na Jumamosi. Tumebaki waimbaji watatu: mimi, Bi Stefurak, na Metro Kindrat ambaye masikio yake ni mabovu kuliko yako. Mimi naanza, Bi Stefurak ananifuata, Metro anaimba wimbo wa wiki iliyopita. Lakini juzi, kwenye ule wimbo wa kuzunguka kanisa, sauti zetu zilishikana kwa muda kidogo hata Metro akavua kofia. Arobaini na mbili, Darka. Baba aliimbisha thelathini na tisa.

Unajali sana. Ndiyo kazi yako, sikulaumu.

Nestor

*

Verbivka
Machi 16, 2019

Wifi Darka,

Huyu ni mimi, Yevka. Mwandiko wangu unaujua kwenye kadi za Krismasi tu, kwa hiyo nimeona nikuambie mapema. Nestor yuko kanisani kwenye mazoezi. Nitaipeleka barua hii posta mwenyewe, nawe ukimjibu usimwambie kwamba nimekuandikia.

Vidonge vya kliniki vilimsaidia, hilo ni kweli. Vilipokwisha, siku ya tano homa ikarudi. Inakuja kila alasiri, saa kumi hivi. Anajifunga blanketi kwenye kiti cha dirishani na meno yanagongana. Nikimwuliza anasema anashika mapigo ya wimbo. Kisha anatokwa jasho hadi nambadilisha shati, na akishakauka anacheka kama hakuna kilichotokea.

Mkanda wake umeishiwa matundu. Alitoboa jipya kwa msumari, na wiki hii ametoboa la pili.

Anaacha vareniki kwenye sahani. Miaka hamsini na moja sijaona Nestor akiacha vareniki.

Halafu kuna kucha zake. Chini ya kucha kuna vistari vidogo vyekundu vinavyoelekea weusi, vimesimama kama njiti. Anasema ni vibanzi vya kuni. Wifi, hajapasua kuni tangu kabla ya Krismasi. Jirani ndiye anayetupasulia.

Nilitafuta kipimajoto nikakosa. Nilikikuta ndani ya kiatu chake cha kanisani. Nikakirudisha pale pale na sikusema neno.

Naona naogopa kumuudhi kuliko ninavyouogopa huo ugonjwa. Najua si sawa. Lakini hujamwona akifungua kile kitabu cha nyimbo.

Wifi yako,
Yevka

*

Victoria
Machi 25, 2019
(kwa posta ya haraka)

Nestor,

Nitaandika waziwazi kwa sababu wewe ni mtu mzima.

Nadhani vali yako imeshikwa na maambukizi. Yakiachwa hayatulii. Yanakula mahali vali iliposhikiliwa, yanamega vipande, na vipande hivyo vinasafiri na damu: kwenye figo, kwenye mguu, kwenye ubongo. Vile vidonge vya siku saba havikukuponya. Viliufunika moto kwa jivu. Umejiona mzima, na kumbe ndani kazi iliendelea.

Usirudi kliniki kwa yule kijana. Nenda Saskatoon, kwa wale waliokuwekea vali. Waambie maneno haya: nina vali iliyowekwa kwa mrija, niling'olewa jino Januari, nina homa kila siku. Wachukue damu mara tatu kabla ya kukupa dawa yoyote. Watakulaza. Utakaa na dripu kama wiki sita. Ndiyo, Pasaka itapita.

Angalia kucha zako mchana, dirishani. Ile si mbao.

Nimeshamwomba jirani yangu Bi Ferris akupigie simu, maana mimi simu siisikii. Ukimpokea, usimfanyie utani. Hana mazoea nawe.

Nakuomba, Nestor. Sikuombi mara nyingi.

Darka

*

Verbivka
Aprili 6, 2019

Darka,

Yupo mtu mmoja tu duniani anayeziona kucha zangu, kwa hiyo najua nani amekuandikia. Usimlaumu, wala mimi sijamlaumu. Nilimwambia tu: "Umenichongea kwa dada yangu." Akasema, "Nimekuchongea." Tukanywa chai.

Bi Ferris alipiga simu. Yevka akamwambia nipo nje nazoa theluji. Nilikuwa nimesimama kando yake, mkono wangu juu ya bega lake. Kwa hiyo uongo huo uuandike kwa jina langu.

Barua yako ya haraka nimeisoma hadi palipoandikwa "ubongo", nikaikunja. Nitaimaliza Aprili 29. Nimeshaweka ahadi na Yevka: Jumatatu ya Pasaka, asubuhi, gari litakuwa linaunguruma, na nitakwenda Saskatoon nikalale huko hata miezi mitatu kama wanataka. Ni wiki tatu tu. Nimetembea na hali hii tangu Februari. Wiki tatu nitazibeba.

Utasema huu ni ukaidi. Labda. Lakini kanisa lile babu alilipaua kwa mikono yake, na mimi siwezi kulifunga kwa sauti ya Metro Kindrat peke yake.

Na kuhusu jino, nikuambie ukweli ili uache kuuliza. Kwa daktari wa meno kulikuwa na fomu. Swali lilikuwa, "Umewahi kufanyiwa upasuaji wa moyo?" Jibu likaandikwa hapana. Sasa utanigombeza kwa lipi? Wewe mwenyewe uliniandikia kwamba huu si upasuaji, kwamba hakuna kisu. Walinipitia pajani, kesho yake nikanywa supu, kesho kutwa nikawa nyumbani. Hawakunipasua. Sina hata kovu la kumwonyesha mtu. Nilijibu kama ulivyonifundisha.

Usiandike tena kabla ya Pasaka. Barua zako zinanitetemesha mkono kuliko homa.

Nestor

*

Victoria
Aprili 12, 2019

Wifi Yevka,

Nakuandikia wewe, na hii usimfiche.

Usisubiri Pasaka. Mwite Padri Myron aje aseme naye, kama mimi na wewe hatutoshi. Akikataa kuingia garini, ita gari la wagonjwa siku atakapokuwa anatetemeka, maana akitetemeka hana nguvu za kubishana. Atakasirika. Mwache akasirike akiwa na dripu mkononi.

Mambo ya kuangalia: akishindwa kutamka neno, mdomo ukienda upande, mkono ukilegea, mguu ukiwa wa baridi mmoja peke yake, au akizimia. Hapo usimpigie mtu yeyote kabla ya gari la wagonjwa.

Nimeruhusiwa kusafiri kuanzia Aprili 30. Nimekata tiketi ya siku hiyo hiyo.

Nimejaribu kuandika zaidi nimeshindwa. Mpeleke.

Darka

*

Saskatoon
Aprili 27, 2019

Wifi Darka,

Jirani yako ameshakupa habari, kwa hiyo unajua tuko hospitali na unajua yu hai. Nakuandikia yale ambayo sikuweza kumwambia mtu nisiyemjua kwenye simu.

Barua yako ilifika Jumanne. Nilimsomea mezani. Alisikiliza yote, akanikumbusha kwamba Alhamisi kuna ibada ya Injili kumi na mbili na kwamba Bi Stefurak hajui zile zaburi. Nikasema basi Ijumaa asubuhi. Akasema Jumatatu. Nikasema Ijumaa, Nestor, au nitamwita Padri Myron. Akamalizia chai yake, nami nikadhani nimeshinda. Nilifunga begi lake nikaliweka nyuma ya mlango.

Alhamisi jioni aliimba vizuri. Nataka ulijue hilo. Injili nne za mwanzo sauti yake ilikuwa ile ile ya miaka yote. Baada ya Injili ya tano alianza wimbo na maneno yakatoka mengine. Hayakuwa ya kwetu wala Kiingereza, yalikuwa kama maneno ya mtu anayeota, lakini sauti ilikwenda juu na chini palepale panapostahili. Bi Stefurak alidhani amepotea ukurasa, akamsogezea kidole kwenye mstari. Metro aliendelea kuimba. Mimi nilikuwa benchi la tatu na nilijua, wifi, nilijua tangu neno la kwanza. Nilikaa hadi kitabu kikamdondoka mkono wa kulia.

Alinitazama kama mtu aliyeshikwa akiiba.

Gari la wagonjwa lilichukua dakika arobaini. Wakatuleta hapa. Wamechukua damu mara tatu, kama ulivyosema. Ni vijidudu vya mdomoni. Daktari wa moyo, Bi Sandhu, alinionyesha kwenye kioo: kitu kama kipande cha uzi kinachopepea kwenye vali kila moyo ukipiga. Kingine kama hicho ndicho kilichokwenda kichwani. Aliniuliza jino lilitolewa lini. Nikamwambia. Aliniuliza kama daktari wa meno alijua kuhusu vali.

Nilisema sijui.

Kesho ni Pasaka. Anaelewa anachoambiwa, ila neno halimtoki. Njoo.

Yevka

*

Saskatoon, hospitali
Juni 2, 2019

Darka

Naandika kwa mkono wa kushoto. Polepole. Maneno yanarudi moja moja, kama kuku jioni. Yevka ametoka kwenda kununua soksi.

Ahsante kwa zile wiki tatu. Ulipoondoka chumba kimekuwa kimya. Unapiga kelele sana kwa mtu asiyesikia.

Dripu imefika siku ya thelathini na nane. Homa imekwisha. Lakini Bi Sandhu alikuja Ijumaa na daktari wa upasuaji. Nyuma ya vali kuna usaha. Dawa haifiki. Vali inavuja, inatikisika. Wakiacha, wiki chache. Wakipasua, katika watatu mmoja hatoki.

Kabla hujaondoka ulisema wakitaja kisu nisubiri wiki mbili tuone. Sikusubiri. Nimetia saini mwenyewe, kwa kushoto. Jumanne wiki ijayo, tarehe 11, asubuhi.

Safari hii kifua. Kisu. Nilimwambia daktari, hii ndiyo upasuaji. Hakuelewa nacheka nini.

Ile barua ya Machi nimeimaliza. Ulisema kweli yote.

Sikuimbisha Pasaka. Wanasema Bi Stefurak alianza juu mno na kila mtu akashindwa kufika, wakacheka, wakaanza upya. Watu sabini walikuja. Wengine walitoka hata Regina. Kumbe walikuwapo.

Naogopa. Litunze neno hilo wewe, maana Yevka siwezi kumwambia.

Nestor

*

Victoria
Julai 3, 2019

Wifi Yevka,

Nimefika salama kutoka mazishi ya Nestor. Ndege ilichelewa Calgary, nyonga inauma, hakuna zaidi.

Pale makaburini ulinishika mkono na kusema, "Ulifanya yote uliyoweza." Nilinyamaza. Watu wakaona mdogo mtu amezidiwa na msiba, wakanipa kiti. Nilikinyamazia kitu, na nimekinyamazia tangu Aprili, nilipopata barua yake. Wiki tatu nililala kwenye kochi la chumba chake na sikukisema.

Oktoba ya mwaka juzi, alipokuwa anakataa hiyo vali, nilimwandikia barua. Naikumbuka kwa sababu niliiandika kama mtu anayetega mtego. Nilimwandikia: "Usiogope. Huu si upasuaji. Hakuna kisu. Hawakupasui, wanapitisha mrija kwenye mshipa wa paja, na kesho yake unakunywa supu." Nilijua ni nusu ya ukweli. Niliwahi kuwaambia wagonjwa wengine wengi maneno hayo hayo, yanawatuliza. Nusu nyingine, kwamba tangu siku hiyo atakuwa na kitu cha kigeni moyoni mpaka kufa, na kwamba kila daktari, hata wa meno, lazima aambiwe, nilisema hospitali watamweleza. Labda walimweleza. Lakini alikuwa ameshanisikia mimi.

Halafu daktari wa meno akamwuliza kama amewahi kupasuliwa moyo, naye akajibu kwa maneno yangu. Aliniandikia mwenyewe: "Nilijibu kama ulivyonifundisha." Hakuwa ananilaumu. Alikuwa ananitania.

Sikutaka uendelee kunishukuru bila kujua. Kama hutaniandikia tena, nitaelewa.

Darka

*

Verbivka
Julai 21, 2019

Wifi Darka,

Barua yako imekaa mezani siku kumi. Haikuwa hasira. Nilikuwa natafuta namna ya kusema jambo langu, na sijaipata, kwa hiyo nitalisema tu.

Siku ya jino Nestor alisahau miwani nyumbani. Fomu niliijaza mimi. Tulikaa pale kwenye viti vya plastiki, mimi nasoma maswali kwa sauti ya chini, yeye anajibu. Unavuta sigara? Una kisukari? Nikafika kwenye upasuaji wa moyo, akasema, "Hapana, hawakunipasua." Nikamwambia, "Lakini ile vali je?" Akasema, "Wameuliza upasuaji, Yevka, hawakuuliza vali. Ukianza kuwaeleza hadithi watatukalisha hapa mpaka kesho." Nikatazama saa. Barabara ilikuwa na barafu na nilitaka tufike nyumbani kabla ya giza. Nikaandika hapana.

Mkono ni wangu. Nilikuwa na shaka, na niliandika. Bi Sandhu aliponiuliza nikasema sijui. Ulipokuja Mei ukalala kwenye lile kochi, kila ukinitazama nilidhani ameshakuambia. Hakuniambia mimi kwamba alikuandikia habari ya fomu, na wewe naona hakukuambia nani alishika kalamu. Kumbe alituficha kila mmoja kwa mwenzake.

Kwa hiyo usijitwike kosa lote kana kwamba ni lako peke yako. Sitaki kukusamehe, na sitaki unisamehe. Sijui hata kama ndiko tunakotakiwa kwenda.

Nikuambie nilichofanya. Jumatatu iliyopita niliwasha gari nikaenda kwa daktari wa meno. Sikupiga simu kwanza, nilijua nikipiga nitaogopa. Alinipokea chumba cha ndani. Nilipomwambia Nestor amekufa na kwa nini, alikaa kwenye kile kiti cha wagonjwa, akajipangusa uso. Aliitafuta ile fomu, akaniwekea mbele. Mwandiko wangu. Hapana, na mstari chini yake, kana kwamba nilikuwa na hakika.

Nilimwambia swali lake ni baya. Nikasema watu wa hapa ni wazee, nusu yao wamewekewa kitu na hakuna aliyepasuliwa, na hawadanganyi wakisema hapana. Hakubishana. Akaniuliza ningeuliza vipi. Nikasema: "Je, una kitu chochote kilichowekwa ndani ya moyo wako, hata kama ni kwa kupitia mguuni?" Mpokezi akalichapa nikiwa nimesimama. Nikamwambia afanye herufi kubwa, watu husahau miwani.

Jana mpokezi yule alinipigia simu. Amesema nisimwambie mtu, lakini ameona vyema nijue. Alikuja mama mmoja kung'olewa jino, akasoma lile swali, akasema ndiyo, anayo vali ya namna hiyo, mwaka wa pili huu, hakujua kama ni jambo la kutaja. Hawakumgusa. Wamempigia daktari wake wa moyo, na atarudi Alhamisi akiwa amepewa dawa ya kumeza kwanza.

Nilimwuliza jina lake. Akasema hawaruhusiwi. Nikasema sawa, nikamshukuru, nikaweka simu chini.

Nilifikiri nitafurahi, wifi. Nilikaa pale pale sakafuni kando ya simu nikalia kwa wivu, kwa sababu yule mama ameulizwa.

Yevka